Picha ya Msiba Wangu

Mume wangu tulimzika na sura ya mwizi wa ng'ombe. Nasema kweli, na yeye mwenyewe angekuwepo angecheka. Maisha yake yote hakuiba hata kamba ya mbuzi. Lakini siku ya msiba, picha iliyotangulia mbele ya jeneza ilikuwa imekuzwa kutoka kwenye kitambulisho, maana nyingine hatukuwa nayo. Kapicha kadogo kama ukucha, wakaenda nako Mpanda mjini wakakavuta mpaka kakawa kama dirisha. Sasa picha ukiivuta hivo, mtu anatoka hajulikani. Sikio moja lilipotelea huko huko kwenye kuvutwa. Na macho, jamani! Yule mzee siku ya kupigwa picha aliambiwa usicheke, usigeuke, usifumbe macho, basi akayatoa yote mawili kama mtu aliyekutwa ndani ya zizi la watu. Kuna bwana mmoja alitoka Kasekese, kapanda gari mbili kuja kumzika rafiki yake wa tangu ujana. Kufika kwenye turubai akaitazama ile picha, akatupa pole kwa adabu zake zote, halafu akarudi barabarani kuuliza msiba wa rafiki yake uko nyumba gani.

Mimi niko pale kwenye mkeka, nimejifunga kanga, nalia, huku moyoni najiapia: mimi sizikwi hivi. Kufa nitakufa, nani hafi? Lakini wanaokuja kunililia wamlilie mtu wanayemjua. Na kitambulisho changu ninacho, kiko sandukuni. Nimetoka kama nimemeza mwiba wa kambale.

Nyie wenye simu mtasema, bibi si apigwe tu, kuna shida gani. Nimepigwa sana! Wajukuu wananipiga nikiosha sufuria, wananipiga nimelala, wananikata kichwa wanabakiza sufuria. Halafu simu inaangukia kwenye jaruba la mpunga, kwisha habari. Mmoja alinipiga akaniwekea masikio ya mbwa na ulimi wa mbwa. Nikamwambia haya, mjukuu wangu, siku ikifika mtanitanguliza na hii, na mchungaji ataanza kwa kubweka.

Basi nikawa namtafuta fundi. Na huyo fundi nilivyompata, siwezi kuwasimulia kabla sijawaambia habari ya mpira.

Mimi shule niliacha darasa la pili nikaenda kuchunga ng'ombe. Lakini mpira nimeusoma. Miaka mingi nimeuza karanga za kuchemsha pale uwanjani Majimoto, na muuza karanga ana macho mawili, moja la karanga, moja la mpira. Kulikuwa na winga mmoja, namba saba, kazi yake useremala. Mpira ukimfikia hakimbii nao. Anaukanyaga. Anashika kiuno. Anamngoja beki kama mtu anayengoja chai. Beki akija mbio, yeye anauvuta na kisigino kidogo tu, beki anapita moja kwa moja kama basi lililosahau stendi. Unafikiri sasa ataenda golini? Anamngoja beki arudi! Siku moja alimpitisha mtu mpira katikati ya miguu, akamfuata, akampa pole kwa mikono miwili kama mfiwa, halafu akampitisha tena. Karanga zangu siku hiyo ziliisha zote, na nusu yake watu walimwagiana vichwani kwa furaha.

Mume wangu alikuwa hampendi kabisa. "Mpira ni goli," anasema. "Yule anachezea watu akili."

"Na goli si amefunga?"

"Amefunga kwa dharau."

Yeye alitaka mtu afunge goli huku anatoka jasho na kujuta. Mimi namwambia, mume wangu, yule anacheza kwa sababu kazi ameshaimaliza kichwani, sisi ndo tumechelewa kuiona. Hakukubali mpaka anaingia kaburini na ile sura ya zizini.

Lakini na yeye alikuwa na haki yake kidogo, nisimwonee. Maana baada ya namba saba goti kumkataa akabaki na randa yake, akaja kijana mwingine, kafuga nywele, akataka naye aukanyage mpira na kushika kiuno. Kiuno alikishika vizuri sana. Mpira ndo ulikwenda zake. Akakaa chini mwenyewe bila kuguswa na mtu, wale wakachukua wakatufunga. Kwa hiyo mbwembwe ziko za aina mbili, na ubaya wake mwanzoni zinafanana. Mpaka umwone mtu mwisho wake.

Sasa mjukuu wangu wa kike akaolewa Usevya. Wakasema mpiga picha anatoka Mpanda. Nikafurahi, nikashona kitenge kipya, kwa hesabu zangu kwamba hapo hapo nitamaliza kazi mbili, ya harusi na ya msiba. Lakini nilikuwa na wasiwasi, maana harusi ya kabla ya hiyo tuliletewa mpiga picha mwenye kamera kama mtutu. Alilala chini, akapanda juu ya trekta, akamfokea bwana harusi "inama, inuka, tazama kule!" kama anamfundisha ng'ombe wa jembe. Picha zilivyokuja, tukaona viatu vya bwana harusi vizuri sana. Bwana harusi mwenyewe tuliambiwa yuko juu kidogo ya picha.

Huyu wa Usevya akaja mwembamba, kofia kaigeuza nyuma mbele, kakamera kamoja shingoni kama hirizi. Nikasema mh, leo tena.

Bibi harusi akatoka na watu wake, wanacheza kuja turubaini. Yule kijana akatangulia mbele yao anarudi kinyumenyume, na yeye anacheza. Kinyumenyume! Nyuma yake kuna kamba ya mbuzi, kuna gunia la mchele, kuna kinamama wamekaa chini wamenyoosha miguu. Kamba akairuka. Gunia akalizunguka kwa kiuno. Miguu ya kinamama akaipita katikati katikati kama anapanda mahindi, na hakutazama nyuma hata mara moja. Kamera inatoka mkono wa kulia inakwenda wa kushoto. Kinamama wakapiga vigelegele, bibi harusi mwenyewe hakuna anayemwangalia. Emsii akasema kwenye spika, "Mpiga picha, harusi si yako!"

"Najua," akajibu. "Yangu watu watakuwa wengi kuliko hapa."

Mimi nimekaa, nimekunja mikono, namngojea mwisho wake. Nasema huyu ni yule mwenye kiuno tu.

Ikafika saa ya kukabidhi binti. Simu zote zikaelekea mbele, kila mtu kainua ya kwake, msitu wa mikono. Yeye wakati huo alikuwa pembeni amefungua soda. Akanywa funda. Halafu, chupa ingali mdomoni, akainua kamera kwa mkono mmoja akaielekeza nyuma kabisa, kule kwenye viti vya mwisho ambako hakuna kitu. Nikageuka kuangalia anapiga nini. Kulikuwa na mkwe wangu, baba wa binti, mwanaume anayejulikana mpaka Mpanda kwa ukali. Amevua lile pambo jeupe la kiti cha plastiki, anajifutia machozi. Alijifuta mara moja tu, akalirudisha kwenye kiti. Hakuna binadamu mwingine aliyeliona. Na kamera ilikuwa imeshainuliwa kabla mkwe hajashika kile kitambaa, mimi nimeona kwa macho yangu. Yule kijana alijua mpira utaangukia wapi.

Nikasimama hapo hapo, nikamfuata na kitenge changu.

"Mjukuu wangu, nina kazi na wewe."

"Sema, mke wangu."

"Nataka picha ya msiba."

Akavua kofia. "Pole sana. Msiba wa nani?"

"Wangu."

Akanitazama juu mpaka chini. "Lini?"

"Sijapanga bado."

"Basi tuna muda. Ngoja nimalize soda."

Nikamweleza yote, mambo ya kitambulisho, sikio lililopotea, bwana wa Kasekese. Alisikiliza vizuri, hakucheka. Akanisimamisha kwenye ukuta wa matofali, mahali penye kivuli. Nami nikajua sasa kazi imeanza. Nikanyoosha mikono, nikabana midomo maana mbele hapa meno matatu yameshanitangulia, nikavuta pumzi nikaizuia. Sisi tulifundishwa hivo, picha haitaki kupumua. Akaanza: bibi, inua kidevu. Shusha. Inua kidogo. Bega hili. Hapana, lile. Kaniweka pale mpaka naona nyota. Akainama, akafumba jicho moja kama fundi saa, akabonyeza.

"Tayari."

Nikashusha pumzi. Yeye huyoo, akanipa mgongo, akachukua soda yake, kamera kailaza begani kama mtu anayetoka shamba na jembe. Akawa anatazama huko kwenye masufuria. Akasema bila kugeuka:

"Nasikia wewe mke wangu ni mtu wa mpira."

"Sana."

"Majimoto kulikuwa na namba saba mmoja, fundi seremala. Mzee wangu alimwona. Anasema yule alikuwa mcheza ngoma tu, mpira alikuwa hajui."

"Nani hajui?" nikasema. "Mzee wako alikuwa amekaa wapi? Si alikuwa amelala nyuma ya goli?"

"Anasema hata kufunga alikuwa anabahatisha."

Jamani, nilipandwa! Nikapandisha kitenge. "Sikiliza wewe. Mpira unakuja huku. Anaukanyaga hivi. Beki anakuja, jitu kubwa, hivi. Yeye anauvuta hivi..." Na nikauvuta kweli, mimi na miguu yangu hii, kandambili ikanichomoka ikaruka ikapiga spika ya emsii, pwaa! Wapishi wote wakapiga kelele, "Gooo!" Mimi nikacheka mpaka nikashika ukuta. Mdomo wazi, nafasi za meno zote nje, mguu mmoja juu hauna kiatu.

Nikasikia *ka*. Kakitu kadogo tu, kama panzi.

Yeye bado amenipa mgongo. Bado anatazama masufuria. Kamera iko begani kwake, jicho lake linanitazama mimi.

"Nimemaliza," akasema.

"Umemaliza nini? Kwani ile ya kwanza nilifumba macho?"

"Ile ya kwanza ilikuwa ya beki, bibi."

Akaondoka kwenda kupiga keki. Mimi nikabaki natafuta kandambili, na nikaelewa taratibu kwamba beki ndo nilikuwa mimi.

Sasa ngoja. Nilicheka siku ile, lakini niliporudi nyumbani nikaanza kuogopa. Kupiga picha umegeuka, begani, huoni! Ni namba saba huyu, au ni yule mwenye nywele? Je kama amepiga ukuta? Je kama amenipiga kandambili? Nina miaka yangu hii, mpiga picha mwingine nitampata lini, na kitambulisho kiko sandukuni kinaningojea. Wiki mbili nimekaa na hilo swali kama jiwe kwenye mchele.

Akapiga simu: picha iko kwenye fremu, amempa konda wa basi, ikachukuliwe stendi. Nikamtuma mwanangu mkubwa.

Huyu mwanangu mkubwa ni mtu mzuri, mzee wa kanisa, na siku hizo alikuwa anautaka uenyekiti wa kitongoji. Lakini kucheka hajui. Baba yake alikuwa na ule uso siku moja tu ya kitambulisho, huyu amezaliwa nao. Picha alikuwa hajaiona. Pale stendi akachana karatasi kuangalia kioo kama hakijavunjika, akamwona mama yake. Anasema alitaka kuirudisha kwenye karatasi, karatasi imeshachanika. Akapanda bodaboda na hasira zake. Dereva akamwambia, mzee, kioo usikilaze tumboni, mkanda wako utakikwaruza, kishike kimeangalia nje. Na twende polepole, njia mbovu.

Basi mwone. Mwanaume mzima, shati jeupe, kanuna, amekaa nyuma ya pikipiki inayotembea polepole katikati ya soko, ameshika mbele yake picha kubwa ya mama yake kwenye fremu.

Kwetu mfiwa haulizwi barabarani. Unamwona, unajua, unavua kofia. Wanaume kwenye bao wakasimama. Wauza mchele wakafunika magunia. Mwanangu akaona watu wanamvulia kofia, akasema moyoni kumbe kampeni inakwenda vizuri. Akawa anaitikia kwa kichwa, huku na huku, taratibu, kama mfiwa hasa. Pikipiki mbili zikamfuata nyuma, zikawa tano. Na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa mezani kwake anapima dagaa. Kuona picha, akatupa kopo akapiga yowe.

Mimi niko nyuma ya nyumba napepeta. Nikasikia kilio kinakuja. Kilio kikikujia unaanza kulia, kuuliza baadaye. Nikatupa ungo, nikajifunga kanga kiunoni, nikazunguka nyumba na mimi nalia. Nikakutana na wifi, kajifunika uso wote, tukaangukiana shingoni.

"Wifi, ametuacha!"

"Ametuacha, wifi!" nikasema. "Nani?"

"Wifi yangu! Mpole, hana maneno! Mikono yake ya kupika, jamani, nitakula wapi tena ugali kama ule!"

Miaka arobaini ananiambia ugali wangu una mabonge. Nikajua sasa anayeliliwa ni nani, na nawaambia ukweli wa Mungu, sikuharakisha kumkatisha. "Endelea, wifi," nikasema, nampapasa mgongo. "Sema yote."

Akasema mengine mawili matatu mazuri, ndo akafungua uso. Alivyoniona, yowe la pili likawa kubwa kuliko la kwanza. Watu walikimbia mpaka kwenye mihogo ya jirani.

Tulipotulia wote, picha ikawa imeegemezwa ukutani. Nami ndo naiona mara ya kwanza. Nimekatwa kifuani kwenda juu. Macho yamekunjwa na kicheko, kila kinyanzi kipo mahali pake, masikio yangu mawili yote. Mguu hauonekani, lakini bega moja limepanda, ukijua unajua kwamba huyu mtu chini huku amesimama kwa mguu mmoja. Kijana alipiga bila kuangalia, na hakupunguza hata unywele! Watu wakaitazama. Mmoja akaanza kucheka kwa pua. Wa pili. Halafu uwanja mzima, na machozi bado mashavuni.

Mwanangu akanyanyua mikono. "Mnaona? Si ndo ninachosema? Siku yenyewe ikifika, mbele ya jeneza, mbele ya mchungaji, watu watacheka! Tutavuta ile ya kitambulisho."

"Baba, hiyo ni picha yangu," nikamwambia.

"Mama, lakini meno."

"Meno hayapo. Unaonyeshwa yalipokuwa."

"Msiba una heshima yake, mama."

Hapo ndo wifi akaingilia, kanga bado imelowa. "Wewe mtoto, hebu nyamaza. Picha ya kaka yangu, tumbo moja, niliipita mara mbili siku ya msiba wake nikidhani ni ya mtu wa serikali. Machozi yangu yote nilimlilia mtu nisiyemjua. Leo nimeiona hii kutoka mezani kwangu, pikipiki iko kule kwa wauza viazi, na mimi jicho moja lina mtoto wa jicho. Nimejua ni yeye. Nimelia mpaka dagaa wamemwagika. Hivi wewe unataka heshima gani zaidi?"

Wanaume wa bao wakasema kweli. Kinamama wakasema kweli. Mwanangu akaiangalia picha muda mrefu, akaniangalia mimi, akaiangalia tena, kama anayelinganisha ng'ombe na hati yake. Sijui aliona nini. Alichosema ni, "Kalamu iko wapi?"

Maana huyu mtoto bila maandishi hasadiki kitu. Akaigeuza fremu, akaandika nyuma kwa herufi kubwa, akatusomea: *Picha ya msiba wa mama. Imekubaliwa.* Akaweka saini. Wifi akapakwa wino wa biro kwenye dole gumba, akabandika kama shahidi. Halafu mwanangu akanishika mkono na mimi, mwenye msiba, akanipaka, nikabandika la kwangu chini ya la wifi, na watu wakapiga makofi.